Jambo Tunaloona Haya Kulitaja

Twawasalimu nyote mlioko Kisii na Nyamira, ninyi mlioketi jikoni mkingoja chai ichemke, na ninyi mnaotusikia mkiwa njiani kwenda kuchuma majani chai. Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lisilotajwa kanisani ila kwa nadra sana, nalo ni choo. Tafadhali msizime redio. Bwana wetu mwenyewe, alipokuwa akiwafundisha wanafunzi juu ya kinachomtia mtu unajisi, alieleza waziwazi jinsi chakula kinavyoingia tumboni na kutoka kwenda chooni, kama mtakavyosoma katika Marko sura ya saba. Ikiwa yeye hakuona haya, sisi ni nani?

Tulimzika mzee mmoja wa kanisa. Jina lake hatulitaji, wala kijiji chake. Alikuwa na miaka 58, mtu wa bidii, mwenye shamba zuri la chai, na kiti chake cha mbele hakikuwa wazi Jumapili hata moja. Kwa muda wa karibu miaka miwili mzee huyu alikuwa akiona damu katika choo chake. Alijiambia kuwa ni bawasiri, akanunua dawa ya kupaka. Baadaye akanywa miti shamba. Akaenda kwenye zahanati moja akapewa dawa ya amiba, akarudi akapewa tena, kisha akapewa dawa ya madonda ya tumbo, na kila mahali alisema tumbo linauma tu. Ile damu hakuitaja. Mshipi wake wa suruali akautoboa tundu jipya, halafu jingine, na watu wakanong'ona kwamba labda ni ugonjwa wa sukari. Alipobebwa kupelekwa hospitali utumbo ulikuwa umekwisha kuziba, na saratani ilikuwa imefika kwenye ini. Ng'ombe wakauzwa. Baada ya miezi minne tulikuwa kaburini.

Mwanawe wa kwanza alitujia jioni ya mazishi akasema, "Mchungaji, mimi ndiye niliyempeleka sokoni kwa pikipiki kila Jumamosi miaka hiyo yote. Mbona baba hakuniambia?"

Ninyi mliozaliwa Gusii mwalijua jibu. Ni chinsoni. Kwa ajili ya wasikilizaji wetu wa makabila mengine twaeleza kwamba chinsoni ni ile heshima na haya iliyowekwa baina ya mzazi na mtoto, na baina ya wakwe. Kwa desturi baba hakuingia ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mambo ya mwili chini ya mshipi hayakutamkwa kati yao kamwe. Hatusemi kwamba ni desturi mbaya. Imelinda nyumba nyingi, na vijana wa leo wangefaidika nayo zaidi kidogo. Lakini mzee wetu aliificha damu yake nyuma ya chinsoni kama mtu anavyoficha deni, nayo damu haikungoja.

Basi na tueleze ugonjwa wenyewe. Utumbo mpana ni ile sehemu ya mwisho ya matumbo, urefu wake kama mita moja na nusu, ambamo maji hufyonzwa kutoka kwenye mabaki ya chakula na choo kikatengenezwa. Mtu akifika umri wa makamo, ukuta wa ndani wa utumbo huo huweza kuota vinyama vidogo, mfano wa uyoga unaochipuka juu ya gogo. Vingi havina neno. Lakini baadhi hukua polepole, na baada ya miaka mingi, mara nyingi kama 10, hugeuka kuwa saratani. Katika miaka hiyo yote mwenye kinyama hasikii maumivu. Anakula, anachimba, anaimba kwaya. Ndiyo sababu yule anayesema, "Nitakwenda kupimwa nikiugua," hajaelewa kipimo ni cha nini. Kipimo hiki ni cha mtu mzima wa afya, ili kinyama kiondolewe kabla hakijawa saratani, au saratani ishikwe ingali changa. Huko Marekani, ambako hesabu hizi zimewekwa kwa miaka mingi, zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10 wanaogunduliwa ugonjwa ukiwa bado ndani ya utumbo huishi miaka mitano na kuendelea. Ukiwa umekwisha kusambaa hadi ini au mapafu, ni chini ya 2 katika 10.

Mwongozo wa taifa wa uchunguzi wa saratani, uliotolewa na Wizara yetu ya Afya mwaka 2018, waelekeza kwamba wanaume kwa wanawake wapimwe kuanzia umri wa miaka 45 hadi 75. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata ugonjwa huu asingoje miaka 45, bali amwambie daktari mapema. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kikopo: mtu huchota choo chake kidogo sana kwa kijiti, akakipeleka maabara, nao hutafuta damu ambayo jicho haliwezi kuiona. Kipimo hiki hurudiwa kila mwaka. Ya pili ni mpira mrefu mwembamba wenye taa na kamera, uitwao kolonoskopi, ambao daktari huupitisha katika njia ya haja kubwa akatazama utumbo wote. Asipoona kitu, mtu hupumzika miaka 10. Na yule ambaye kikopo chake kimeonyesha damu, hana budi kwenda kwenye mpira.

Lakini angalieni, haya ni ya mtu asiye na dalili. Mwenye kuona damu, au ambaye choo chake kimebadilika kwa majuma kadhaa, mara kufunga mara kuhara, au anayekonda bila sababu, au aliyeambiwa ana upungufu wa damu na hakuna ajuaye unakotoka, huyo asihesabu miaka yake. Aende sasa, na akifika aseme neno "damu". Bwana Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alitangaza mbele ya taifa mwaka 2019 kwamba ana saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kufika hatua ya nne. Alifariki Julai 26 mwaka huo, akiwa na miaka 41 tu.

Tumesikia wengine wakisema kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Neno hilo lina chanzo chake. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, Mkristo mwenye bidii aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi Lira na kisha Mulago, aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra kwa wagonjwa wake Waafrika, ilhali kwao Uingereza ilikuwa nyingi. Yeye na wenzake walifika hata kupima uzito wa choo cha wanavijiji wa Uganda, wakakuta ni kizito mara kadhaa kuliko cha mabaharia wa Kiingereza. (Hivyo msitushangae sisi tunaokitaja tu.) Burkitt aliamini siri ilikuwa katika chakula chenye makapi na nyuzinyuzi. Basi jiulizeni: babu zetu walikula obokima ya wimbi, na chinsaga, na rinagu, na risosa. Sisi twala unga mweupe uliokobolewa, na jioni kituoni twanunua soseji na smoki. Nyama za namna hiyo ziliwekwa mwaka 2015 na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Pombe na tumbaku zimo pia. Wembamba wa choo cha mabaharia umetufikia na sisi.

Wengine husema kutafuta ugonjwa usiokusumbua ni kukosa imani, nao humtaja mfalme Asa, ambaye katika Mambo ya Nyakati wa Pili alilaumiwa kwa kuwaendea waganga katika ugonjwa wake wa miguu. Someni vizuri. Kosa la Asa ni kwamba hakumtafuta Bwana hata katika hali ile. Kama kumwendea tabibu peke yake kungekuwa dhambi, Paulo asingesafiri na Luka.

Lakini tukisema kweli, wanaume hawakatazwi na mfalme Asa. Wanakatazwa na ule mpira. Wazee wamekuja kwetu baada ya ibada wakauliza kwa sauti ya chini, "Mchungaji, ni kweli huingizwa pale?" Ni kweli. Nasi twawakumbusha kwamba Abagusii si watu wa kuogopa matabibu. Tulikuwa na ababari, wapasuaji wetu wa jadi, waliomfungua mtu fuvu la kichwa aliyeumia, wakakwangua mfupa, akapona akarudi shambani, na madaktari walitoka nchi za mbali kuja kuwatazama na kuandika habari zao. Mjukuu wa mtu aliyekaa chini mchana kweupe akapasuliwa kichwa, anakimbia mpira usiozidi unene wa kidole!

Twasema hivyo, lakini sisi wenyewe tulikimbia. Tulipotimiza miaka 46, baada ya mazishi yale, tulichukua kikopo hospitalini. Kilikaa kabatini majuma matatu, nyuma ya vitabu vya mahubiri. Kila asubuhi kulikuwa na sababu. Tulipokipeleka hatimaye, jibu likarudi kwamba kuna damu iliyofichika. Muuguzi alitueleza kwa upole kwamba wengi wanaopata jibu hilo hawana saratani, lakini tulipotoka nje hatukukumbuka alilosema. Tuliendesha ibada mbili na arusi moja tukiwa na karatasi ile katika mfuko wa koti. Mama mchungaji hatukumwambia. Baina ya mume na mke hakuna chinsoni ya namna hiyo. Ilikuwa ni hofu tu, na hofu ilijua kuvaa vazi la heshima.

Kilichotuumbua ni sharti la hospitali. Siku ya mpira mgonjwa hupewa dawa ya usingizi mwepesi, kwa hiyo hawamruhusu kwenda nyumbani peke yake. Lazima aje na mtu. Ikabidi tuseme. Mama mchungaji alinyamaza kitambo, akauliza, "Tangu lini?" Tukamwambia. Hakusema neno jingine usiku ule, na ukimya huo ulituuma kuliko kitu chochote kilichofuata.

Siku ya kabla yake hatukula. Tulikunywa maji, chai ya rangi na mchuzi uliochujwa, kisha jioni dawa ya kuosha tumbo, lita baada ya lita, yenye ladha ya chumvi. Usiku huo njia ya kutoka nyumba hadi chooni tuliijua vizuri. Hilo ndilo zito katika kazi yote. Mpira wenyewe hatukuuona. Tulisinzia, tukaamka, daktari akatuonyesha picha za vinyama viwili, kimoja kama punje ya dengu, kingine kama harage. Vyote viwili alikuwa amekwisha kuvikata kwa waya mwembamba, nasi hatukusikia kitu. Alitueleza kwamba mara chache sana utumbo huweza kutoka damu au kutoboka, akatutajia dalili za kurudi upesi. Vinyama vikapelekwa maabara. Havikuwa saratani. Kile kikubwa kilikuwa cha aina ile inayogeuka.

Sasa kuna jambo ambalo twataka mlishike ninyi wenye wazee nyumbani. Chinsoni ina mlango, na wazee wenyewe ndio walioujenga. Kati ya babu na mjukuu hakuna haya hiyo, hutaniana watakavyo. Kati ya watu wa rika moja pia hakuna. Mwana akijua baba yake hawezi kumwambia, asimlazimishe. Amtume mjukuu amuulize babu kama choo kiko sawa, kwa utani, wakiota moto. Au amtafute mwenzake wa rika amsindikize. Yule mzee wetu alikuwa na wajukuu tisa, na mmoja wao, tuliyezungumza naye baadaye, anasomea uuguzi.

Kuhusu mahali: anzeni katika kituo chenu cha afya, au Hospitali ya Rufaa ya Nyamira, au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, mkaulize kikopo kinapatikana wapi, na mpira unafanyika wapi na kwa bei gani. Mpira ni ghali, maelfu mengi ya shilingi, hatuwafichi. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imeondoka na SHA ikashika mahali pake, kwa hiyo ulizeni mapema SHA italipa sehemu gani, msije mkashtukia dirishani. Wazee wa KAMA katika mtaa wetu wameanza kuweka shilingi mia kila mwezi kwa kusudi hilo, na mtu akiitwa kwenye mpira, mmoja wa rika lake huenda naye na kumrudisha.

Mama mchungaji ametimiza miaka 45 mwezi uliopita. Kikopo chake alikichukua Jumatatu, na Jumanne asubuhi kilikuwa maabara. Jibu tutalipata wiki ijayo, na safari hii tunalingoja wawili.