Kulipa Rejesho la Bodaboda kwa Mkopo wa Simu: Deni Linaisha au Linahama?

Simu ile iliingia studio Jumamosi, dakika za mwisho za kipindi, wakati tayari tunajiandaa kuaga. Msikilizaji wetu wa upande wa Kinole, dereva wa bodaboda, hakuomba wimbo wala salamu. Alikuwa na swali. Rejesho la pikipiki yake ni shilingi 60,000 kwa wiki, na kwenye simu alikuwa na 14,000 tu. Alipojaribu kulipa, simu ikamwuliza kama akubali kuongezewa kiasi kilichopungua. Je, kuna ubaya gani kubonyeza "ndiyo"?

Muda ulikuwa umekwisha, tukamjibu harakaharaka. Jibu lile halikututosheleza hata sisi wenyewe, ndiyo maana leo tunaliandika kwa urefu. Na tunajua hayuko peke yake, maana tangu siku hiyo tumepokea ujumbe wa namna hiyohiyo kutoka Mkuyuni, Matombo na hata Mgeta.

Swali hili wanalo hata wenzetu wa mbali. Marekani, mtu aliyechukua gari kwa mkopo hujiuliza kama anaweza kulipa rejesho la mwezi kwa kadi ya mkopo. Tuieleze kidogo kadi hiyo, kwa sababu si ile ambayo wengi wetu tunatolea pesa kwenye mashine ya benki. Kadi yetu inatoa pesa yako mwenyewe iliyomo kwenye akaunti. Kadi ya mkopo inatoa pesa ya benki, nawe unaahidi kuirudisha baadaye, na usipoirudisha yote kwa wakati unatozwa riba. Wakopeshaji wengi wa magari kule hawaipokei kabisa. Anayeng'ang'ania hupitia kampuni ya kati, ambayo hukata ada inayokaribia asilimia 3 ya kila malipo. Halafu riba ya kadi zenyewe, kwa wastani, imekuwa juu ya asilimia 20 kwa mwaka katika miaka hii ya karibuni, wakati riba ya mkopo wa gari kwa kawaida iko chini sana ya hapo. Maana yake mtu anatoka kwenye deni la bei nafuu na kuingia kwenye deni la bei ghali, na hapo katikati analipa nauli.

Huku kwetu Uluguru kadi ya mkopo si kitu utakachokiona kijiweni. Kinachofanya kazi hiyo ni simu. Mwaka 2014 ilianza M-Pawa ya Vodacom, na mwaka huohuo Airtel wakaja na Timiza. Hiyo ni mikopo ya kuomba: unaingia kwenye menyu, unaomba, unapewa, unarudisha. Baadaye ikaja namna nyingine, ya Songesha, ambayo haikungoji uombe. Unapolipa au kutuma na salio halitoshi, huduma inakamilisha muamala, na wewe unabaki na deni. Majirani zetu Kenya wanayo ya aina hiyo tangu Januari 2019, inaitwa Fuliza, na huko kelele za wananchi juu ya ada zake zilikuwa kubwa mpaka Oktoba 2022 zikapunguzwa.

Mambo mawili katika mikopo ya namna hii ndiyo yanayowaumiza madereva. La kwanza, ada inahesabiwa kwa siku. La pili, na hili wengi hawalijui mpaka liwakute, deni hujikata lenyewe. Pesa yoyote itakayoingia kwenye laini yako, iwe nauli ya abiria au mchango wa msiba uliotumiwa uufikishe kwa wafiwa, inaanzia kwenye deni. Dereva mmoja alituambia alimbeba mgonjwa usiku, ndugu wa mgonjwa wakamtumia nauli kwa simu, na asubuhi akakosa hata pesa ya mafuta. Haikuwa wizi. Alikuwa amekubali mwenyewe, wiki moja nyuma.

Sasa tuchukue hesabu ya yule msikilizaji wa Kinole. Ada halisi utaiona kwenye simu yako kabla ya kukubali, nayo hutofautiana kwa mtandao na kwa kiasi. Hapa tunatumia kiwango cha mfano tu: shilingi 10 kwa kila 1,000 kwa siku.

Ana 14,000, anaongezewa 46,000, rejesho la 60,000 limelipwa. Bosi amefurahi. Kila siku anadaiwa ada ya 460, na kwa siku 7 ni 3,220, kwa hiyo deni la simu limefika 49,220. Tuseme wiki hiyo, baada ya mafuta na chakula, ameingiza 55,000. Simu inachukua chake, zinabaki 5,780. Rejesho la pili limefika. Sasa anahitaji kuongezewa 54,220. Wiki inapita, ada ni kama 3,795, deni linakuwa 58,015. Ameingiza tena 55,000. Safari hii pesa yote ya wiki imeingia kwenye simu na bado anadaiwa 3,015, na rejesho la tatu halijaguswa hata kwa shilingi moja.

Hapo ndipo simu nayo inapokataa, kwa sababu kikomo chake kimefika.

Angalia vizuri kilichotokea. Upungufu wake halisi ulikuwa 5,000 kwa wiki, yaani anaingiza 55,000 na anatakiwa kulipa 60,000. Huo mkopo wa simu haukuugusa upungufu huo. Uliuficha kwa wiki mbili, na kwa kuuficha ukamtoza zaidi ya 7,000, pesa ambayo ingemnunulia petroli.

Na kwa nini aingize 55,000 badala ya 70,000? Hapa lazima tuzungumzie milima yetu. Mkataba wa pikipiki umeandikwa kana kwamba kila wiki ni sawa na nyingine. Anayeuandika mara nyingi yuko mjini, ambako lami ipo na abiria wa Msamvu wapo, mvua inyeshe isinyeshe. Lakini kuanzia Machi hadi Mei, njia za kupanda Kinole na vijiji vya juu zinakuwa tope la kuteleza, na upande huu wa mashariki wa Uluguru ndio unaopata mvua nyingi zaidi, kwa sababu ndio unaopokea upepo wa bahari. Mgeta, kule magharibi, mvua ni pungufu, lakini mtelemko ni uleule na mzigo wa kabichi ni mzito. Siku ya tope dereva anapakia abiria mmoja pale alipokuwa anapakia watano. Kisha mizigo ya mananasi na ndizi inapokuwa mingi na njia imekauka, dereva huyohuyo anashuka mjini mara mbili kwa siku, mpaka Soko Kuu la Chifu Kingalu, na anaingiza mara mbili ya hiyo hesabu. Kwa mwaka mzima pengine pesa inatosha. Kwa wiki ya Aprili haitoshi.

Kuna jambo jingine la kwetu. Vijana wengi wanaochukua pikipiki za mkataba wana mashamba ya kulima lakini hawana shamba la kuweka rehani. Kwa Waluguru ardhi kwa desturi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Kijana hawezi kuamka asubuhi akaipeleka benki. Kwa hiyo pikipiki yenyewe ndiyo dhamana. Ukishindwa, inachukuliwa.

Mmoja wetu hapa studio yamemkuta, na ametukubalia tuyaeleze. Kabla ya kuanza utangazaji alikuwa na pikipiki ya mkataba kwa mtu mmoja wa mjini. Masika ilipokolea, alilipa marejesho matatu kwa mikopo ya laini mbili tofauti, hii ikimlipia ile. La nne likamshinda. Pikipiki ikachukuliwa zikiwa zimebaki wiki 9 iwe mali yake. Kilichomshangaza ni kwamba deni la simu halikwenda na pikipiki. Lilibaki pale pale kwenye laini, likiendelea, naye hana tena chombo cha kulilipia. Alipomfuata mwenye pikipiki kulalamika, yule mzee alimjibu: "Kijana, ulikuwa unanilipa kila wiki. Mimi ningejuaje kama una shida?"

Jibu hilo linauma lakini lina ukweli. Ukilipa kwa deni, anayekudai anaona mambo yako ni mazuri. Anayeweza kukupunguzia mzigo ni yeye, na wewe ndiye unayemficha. Huduma ya simu haina mtu wa kukaa naye chini ya mwembe mkazungumza.

Tusije tukaeleweka kwamba kila mkopo wa simu ni mbaya. Upo wakati unasaidia kweli. Tuseme leo ni Jumamosi, rejesho ni leo, na mama wa Nyandira uliyembebea mboga amekwambia pesa yako ni Jumatatu, na hajawahi kukuangusha. Kwa kiwango chetu cha mfano, 46,000 kwa siku 2 ni ada ya 920. Kama mkataba wako unatoza faini ya 5,000 kwa kuchelewa, basi bonyeza "ndiyo" bila wasiwasi. Lakini kama mkataba hautozi faini ya siku mbili, unalipa 920 ya nini? Wengi hawajui mkataba wao unasemaje kuhusu kuchelewa, kwa sababu nakala inakaa kwa bosi. Idai nakala yako. Hiyo ni haki yako hata kama pikipiki si yako bado.

Na kama simu imekataa, usikimbilie programu za mikopo zinazotangazwa mitandaoni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni na kuwaonya wananchi. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hiyo huchukua namba za watu waliomo kwenye simu yako, na ukichelewa wanawatumia ujumbe, hata mkwe wako anajua unadaiwa. Kwa wakopeshaji wenye leseni wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, Benki Kuu imeweka riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayekutoza asilimia 20 au 30 kwa mwezi, zile tunazoziita kausha damu, yuko nje ya utaratibu huo. Ila fahamu kwamba ile ya kuongezewa salio hutolewa na benki kwa kushirikiana na kampuni ya simu. Haimo katika daraja hilo, na inachotoza huitwa ada. Usiilinganishe kwa jina, ilinganishe kwa shilingi utakazolipa kwa siku utakazokaa nazo.

Penye kikundi cha kuweka na kukopa, cha VICOBA au cha kijiwe chenu, hapo ndipo pa kwanza kuuliza, kwa kuwa hata faida inayotokana na mkopo wako inarudi kwenye mgao wa wanachama, nawe ukiwemo. Halmashauri nazo zina mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani. Mikopo hiyo haitakuokoa na rejesho la kesho, ila kijiwe kilichojisajili mapema kinaweza kununua pikipiki zake chenyewe, na hapo habari ya bosi inaisha.

Kama hujui unadaiwa kiasi gani sasa hivi, ingia kwenye menyu ya mtandao wako, *150*00# kwa Vodacom au *150*60# kwa Airtel, utafute sehemu ya mikopo na kuangalia deni. Fanya hivyo kabla abiria hajakutumia nauli.

Yule dereva wa Kinole alipiga tena Jumatano, safari hii mapema. Hakubonyeza "ndiyo". Alishuka mjini na daftari lake la mapato ya wiki 6, akamwonyesha bosi wake, wakakubaliana alipe 40,000 kwa wiki hadi mwisho wa Mei, na kinachopungua kiongezwe wiki za mwishoni. Tukamwuliza kama wameandikishana. Akasema bado, ni maneno tu, ila Jumapili anashuka tena na mwenyekiti wa kijiwe awe shahidi.