Mchaichai: kinywaji kizuri cha nyumbani, lakini si dawa ya malaria

Katika viwanja vingi vya Bukavu, Uvira, Goma na Butembo, pembeni ya jikoni au kando ya mfereji wa maji, huota kichaka cha majani marefu yanayonukia ndimu. Ni mchaichai, ambao wakaaji wengi wa mashariki mwa Kongo huuita sitroneli. Majani yake huchemshwa asubuhi na kunywewa na sukari, hasa pale majani ya chai ya dukani yanapokosekana.

Mmea huu ulitoka Asia ya kusini na kusini-mashariki. Ni wa jamii ya nyasi, kama vile muwa na mahindi. Harufu yake inatokana na mafuta yaliyo ndani ya majani, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni sitrali, ambayo hupatikana pia katika ganda la ndimu.

Kuupanda si kazi ngumu. Kwa kuwa hutoa maua mara chache, watu hawatafuti mbegu: hung'oa shina lenye mizizi kutoka kichaka cha jirani na kulipanda mwanzoni mwa mvua. Mchaichai unapenda jua na udongo usiotuamisha maji. Kwenye joto la bonde la Ruzizi hukua haraka kuliko kwenye baridi ya milimani. Ukikatwa majani huchipua tena, na kichaka kimoja huweza kuvunwa miaka kadhaa. Kwenye miteremko, wakulima huupanda kwa mistari ili mizizi yake ishike udongo.

Katika familia nyingi, mchaichai hutumiwa kwa mafua, kikohozi, tumbo lililojaa gesi na usingizi mgumu. Wengine hujifukiza kwa mvuke wake, desturi iliyoenea zaidi wakati wa Covid-19 mwaka 2020. Wazazi wawe waangalifu: maji yanayochemka yanaweza kumuunguza mtoto.

Hatari kubwa zaidi ni pale mtoto mwenye homa anaponyweshwa mchaichai siku mbili au tatu bila kupimwa damu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, OMS, Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wagonjwa wengi wa malaria, baada ya Nigeria. Mchaichai haumo katika dawa ambazo OMS inapendekeza kutibu ugonjwa huo.

Hii haina maana kwamba mimea haitibu. Kivu inaujua vizuri mti wa kinkina, ambao maganda yake hutoa kinini. Lakini kinini hutolewa kiwandani na kupimwa kabla ya kumfikia mgonjwa. Kikombe cha mchaichai hakina kipimo cha namna hiyo.

Na mbu je? Mafuta ya mchaichai yakipakwa mwilini huwafukuza, ila nguvu yake hupungua upesi. Kichaka kilichopandwa mlangoni hakiwezi kuchukua nafasi ya chandarua.

Mtoto akipata homa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Akishikwa na degedege, akitapika kila anachopewa, akishindwa kunyonya au kupoteza fahamu, hapo hata saa moja ni nyingi. Chai ya mchaichai anaweza kuinywa akiwa ameshaanza dawa.