DAWA YA MENO: TUSOME KWANZA, NDIPO TUNUNUE



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo, wadogo wetu wa interna wanatuuliza sana juu ya dawa ya meno. Mmoja anasema: «Yaya, ile yenye kutoa povu mingi ndiyo inaosha muzuri, si ndiyo?» Mwingine amesikia kwamba fluori ni sumu, sasa anataka kuacha dawa yote na kusugua meno na makala. Wa tatu ana feza kidogo tu, anauliza kama ile ya bei ndogo ya pembeni ya barabara iko na hatari.

Maulizo haya ni mazuri. Jino la mtu mkubwa likitoka halioti tena, na kuumwa jino katika juma la Mtihani wa Serikali si jambo la kucheka. Kwa hiyo tumekusanya visanduku vitupu toka vyumba vyote vya interna, tukasoma yale maandiko madogo ya nyuma ambayo watu hawasomi, tena tukaenda kwa walimu wetu wa kemia na biolojia. Haya ndiyo tuliyoelewa.

1. Jino linaharibika namna gani?

Kinywani mwetu mna vijidudu vingi sana. Tukila sukari, nao wanakula. Chai yenye sukari, mandazi, bikuti, pipi, vyote ni karamu yao. Wakiisha kula wanatoa asidi, na asidi hiyo inayeyusha madini ya jino pole pole. Walimu wa kemia wanatuambia kwamba pH ikishuka chini ya 5,5 hivi, ngozi ngumu ya jino inaanza kuyeyuka. Mate yanapigana kurudisha madini yale. Lakini kama tunakula tamu-tamu kila saa, mate hayapati nafasi, na siku moja tundu linafunguka. Kwanza hauliumi. Likianza kuuma, limekwisha kufika ndani.

2. Ndani ya tyubu mna nini?

Majina ni magumu, lakini kazi zao ni chache tu. Vitu vingi vilivyomo vina kazi moja kati ya hizi:

Kusugua. Ni unga laini, kama vile «carbonate de calcium», jamaa ya mawe ya chokaa, ao «silice». Huu unatoa uchafu juu ya jino.

Kushika maji. «Glycérine» na «sorbitol» zinazuia dawa isikauke. Tena zina utamu kidogo. Mtu asiogope: vijidudu vya kinywani hawawezi kutengeneza asidi kwa sorbitol kama wanavyofanya kwa sukari.

Kutoa povu. Hii ni kazi ya sabuni inayoitwa «sodium lauryl sulfate» ao «laurylsulfate de sodium». Hapa tumjibu mdogo wetu wa kwanza: povu halizuii tundu. Linasaidia tu kueneza dawa kinywani. Tena kuna watu wanaopata vidonda kinywani mara kwa mara. Hao wajaribu dawa isiyo na sabuni hiyo.

Kupendeza. Manukato ya minti, «saccharine» ya kutia utamu, na rangi. Weupe wa dawa mara nyingi unatoka katika «dioxyde de titane», inayoandikwa vilevile «CI 77891». Ulaya ilikataza kuitia katika chakula mwaka wa 2022. Kwa meno haina faida yoyote ila kufurahisha macho, basi kama kuna dawa mbili sawasawa, tuchague isiyo nayo, tena tusimeze.

Kulinda jino. Hii ni fluori, na ndiyo sababu kubwa ya kununua dawa ya meno.

3. Je, fluori ni sumu?

Jibu letu: ni juu ya kipimo. Chumvi nayo ni hivyo. Kidogo inatia ladha katika pondu, kikombe kizima kinaweza kuua mtu.

Fluori inaingia pamoja na madini ya mate, inasaidia jino kujijenga upya na kusimama imara mbele ya asidi. Shirika la Afya la Dunia liliandika dawa ya meno yenye fluori katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka wa 2021. Kipimo chenye faida ni kati ya 1000 na 1500 ppm, maana yake sehemu 1000 mpaka 1500 katika milioni moja.

Sasa tupige hesabu pamoja. Dawa ya 1450 ppm ina miligramu 1,45 za fluori katika gramu moja. Tyubu ya gramu 100 ina miligramu 145. Waganga wanasema kwamba mtoto akimeza miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili wake, apelekwe hospitali mbio. Kwa mtoto wa kilo 15 hiyo ni miligramu 75, ni kusema zaidi ya nusu ya tyubu mara moja. Kwa hiyo dawa haiogopeshi juu ya mswaki. Inaogopesha ikiachwa chini pahali wadogo wanacheza, hasa kama inanukia matunda.

Kuna hatari ingine ya pole pole. Mtoto ambaye meno yake yangali yanajijenga ndani ya ufizi, akipata fluori nyingi miaka mingi, meno yatatoka na madoa meupe ao ya kahawia. Jambo hili linajulikana sana Arusha, Tanzania, kwa sababu ya maji ya milima ya moto. Hata karibu na Nyiragongo, upande wa Goma, limeonekana. Shirika la Afya la Dunia linashauri maji ya kunywa yasipite miligramu 1,5 za fluori kwa litre. Basi wenye ndugu kule wajue kwamba yale madoa yanatoka zaidi katika maji kuliko katika mswaki. Na nyumbani kwenu, mtoto asiyefika miaka 3 atiliwe kiasi cha punje moja ya mchele. Wa miaka 3 mpaka 6, kiasi cha punje moja ya mbaazi. Tena afundishwe kutema.

4. Sumu ya kweli: habari ya mwaka 2007

Kama tunatafuta cha kuogopa, kipo, lakini si fluori. Katika mwezi wa 5 mwaka 2007, mtu mmoja wa mji wa Panama, jina lake Eduardo Arias, alikuwa akitembea katika duka. Aliona dawa ya meno ya bei ndogo, akasoma maandiko yake. Kati ya majina alikuta «diéthylène glycol». Alilikumbuka neno lile, kwa sababu mwaka uliotangulia watu zaidi ya mia moja walikuwa wamekufa katika inchi yake kwa dawa ya kikohozi yenye sumu hiyo. Akaenda kuwaambia wenye mamlaka.

Diéthylène glycol ni maji mazito, matamu, yanayofanana na glycérine lakini bei yake ni ndogo kuliko. Ndiyo maana wafanya biashara wabaya wanaitia pahali pa glycérine. Inaharibu figo. Kwa sababu ya mtu mmoja aliyesoma, inchi nyingi zilianza kutafuta na kuitoa madukani, na China ilikataza kuitia katika dawa ya meno katika mwezi wa 7 mwaka ule ule.

Katika mwezi wa 6, Marekani waliikuta vilevile katika tyubu za uongo zilizoandikwa Colgate. Kampuni yenyewe haikuzitengeneza. Zilisema zimetoka Afrika ya Kusini, lakini jina la inchi hiyo lilikuwa na herufi isiyo yake, na neno lingine lilikuwa na x pahali pa c. Ndugu wanafunzi, kumbe hata masomo ya dikte yanaweza kulinda figo!

Nasi hapa Kisangani tunapokea vitu toka mbali, kwa mtoni, kwa ndege na kwa barabara. Office Congolais de Contrôle, iliyoanzishwa mwaka 1974, ina kazi ya kupima vitu vinavyoingia inchini. Lakini mlinzi wa mwisho ni macho ya mnunuzi.

5. Mambo mawili ya uongo

La kwanza ni kile kialama cha rangi chini ya tyubu. Watu wanasema kijani ni dawa ya miti, cheusi ni kemikali tupu. Si kweli. Kialama kile ni kwa ajili ya mashine: jicho la mashine linakiona, linajua pahali pa kukata na kufunga tyubu. Hakina habari ya yaliyomo.

La pili ni makala, majivu na mchanga. Ndiyo, meno yanaonekana meupe siku za kwanza, kwa sababu vinakwangua. Lakini ngozi ngumu ya jino ikiisha kukwanguliwa hairudi, na meno yataanza kushtuka kwa maji ya baridi.

Kijiti cha wazee ni habari ingine. Neno mswaki lenyewe kwanza lilikuwa jina la kijiti. Kikitafunwa vizuri mpaka kiwe laini kinatoa uchafu sawasawa. Kinachokosa ni fluori tu. Asiye na mswaki wa duka anaweza kutia dawa kidogo juu ya kijiti chake.

6. Namna ya kuchagua

Tukifika sokoni tusione haya. Tumwambie muuzaji kwa heshima: «Mama, uniruhusu nisome kwanza.» Halafu tuangalie:

a) Je, imeandikwa fluori? Mara nyingi majina yake ni «fluorure de sodium» ao «monofluorophosphate de sodium». Namba iwe kati ya 1000 na 1500 ppm.
b) Je, tarehe ya mwisho haijapita? Fluori ya aina ya pili, ikikaa muda mrefu pamoja na chokaa katika joto, inapunguka nguvu. Kwa hiyo tuache tyubu zinazoanikwa juani siku nzima.
c) Je, jina la kiwanda, inchi na namba ya fungu vinasomeka, bila makosa ya herufi?
d) Je, kisanduku na kifuniko havijafunguliwa?
e) Kama mna «diéthylène glycol», tusinunue hata ikiwa ya bure.

Kama ya bei ndogo inapita maulizo haya yote, ni nzuri. Kama ya bei kubwa haina fluori, tumelipa manukato na rangi.

Kutumia: mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, dakika mbili. Dawa kidogo inatosha. Tuteme, lakini tusisukutue na maji mengi, kusudi fluori ibaki juu ya meno usiku.

7. Shauri letu kwa vyumba vya interna

Tunajua kwamba wengine kati yetu hawana dawa, wanaona haya kuomba, wanaamka mapema kuosha kinywa na maji tu. Basi tunashauri kila chumba kichange feza kidogo kidogo, kinunue tyubu moja kubwa iliyosomwa vizuri, itumiwe na wote. Dawa inaweza kuwa ya wote, ila mswaki ni wa mtu mmoja! Na mdomo wa tyubu usiguse mswaki wa mtu. Tuangushe dawa kidogo toka juu. Chumba ambacho hakijui kusoma kisanduku chake kituletee siku ya posho, tutasoma pamoja.

Ni sisi,
wakubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho