Nyumba ya Shirika au Vyumba Sita?

Shemeji yangu alifundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini. Siku kiinua mgongo kilipoingia benki alinipigia simu jioni hiyohiyo. "Shemeji, nataka nijenge nyumba ya kupangisha pale Kibondo mjini. Vyumba vitatu, choo ndani, geti. Nipangishe watu wa mashirika." Nikamwambia fundi asubiri kwanza, yeye aje tukae na kalamu.

Wazo lake lina asili. Kambi ya Nduta ilipofunguliwa upya Oktoba 2015 kupokea Warundi, Kibondo ilijaa magari ya mashirika, na mwenye nyumba yenye geti akawa ndiye anayechagua mpangaji. Kambi ilivuka watu 100,000. Wakimbizi wenyewe hawawezi kuwa wapangaji wako, maana mkimbizi haruhusiwi kuishi nje ya kambi bila kibali. Waliopanga ni waliokuja kuwahudumia: waganga, wahasibu, madereva, mafundi wa maji. Kodi walilipa ya miezi sita au ya mwaka mzima, kwa mkupuo.

Nikamwomba aitazame kalenda. Nduta hiyohiyo ilikuwa kambi tangu miaka ya 1990, ikafungwa, ikafunguliwa tena. Warundi walianza kurejeshwa kwao kwa hiari Septemba 2017. Kambi ya Mtendeli, upande wa Kakonko, ilifungwa 2021 na waliobaki wakahamishiwa Nduta. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na wanaoishi kwa miradi wakaanza kuhesabu siku. Nyumba ya tofali za kuchoma utamwachia mjukuu, wakati mpangaji wako anasubiri barua ya mfadhili kila mwaka.

Basi tukaweka hesabu. Bei nilizotumia ni za mfano, wewe weka za mtaa wako. Tuseme nyumba nzima inapangishwa kwa 300,000 kwa mwezi. Kwenye kiwanja kilekile unaweza kujenga vyumba sita mstari mmoja, kila kimoja 35,000, jumla 210,000. Hapo shemeji alitabasamu, nyumba kubwa imeshinda. Ila hakuna mwaka ambao kila chumba kina mtu miezi yote 12. Toa chumba kimoja kiwe kitupu mwaka mzima, hata kama ni kwa zamu. Vitano vilivyobaki vinakupa 175,000 kwa mwezi, yaani 2,100,000 kwa mwaka. Nyumba nzima inafikia kiasi hicho ikiwa na mpangaji miezi saba. Mradi ukifungwa mwezi wa nne na usipate mwingine, umeshapitwa. Chumba kikiwa kitupu unapoteza sehemu moja ya sita. Nyumba ikiwa tupu umepoteza yote, na mlinzi bado anataka mshahara.

Shirika likipanga, linakata kodi ya zuio ya 10% kabla fedha haijakufikia na kuipeleka TRA. Katika ile 300,000 utaona 270,000. Dai stakabadhi ya zuio na uitunze, ndiyo ushahidi wako siku ya kufunga hesabu za kodi. Wapo wenye nyumba waliodhani wameibiwa. Vyumba navyo vina kodi ya mapato, tofauti ni kwamba pale unaipeleka mwenyewe. Mkataba wa maandishi una ushuru wa stempu wa 1% ya kodi ya pango ya mwaka. Ulipe, kwa sababu mkataba usio na stempu ni dhaifu siku mkifikishana barazani. Kabla ya kusaini na shirika, kisome kifungu cha kuvunja mkataba polepole. Kama wanaweza kuondoka kwa notisi ya siku thelathini, omba tisini.

Jambo ambalo wenye vyumba wengi hawalipigii hesabu ni mita ya umeme, LUKU. Niliwahi kupanga nyumba ya wapangaji sita yenye mita moja kwenye korido. Kila mwisho wa wiki palikuwa na kikao. Mama wa chumba cha kwanza ana friji, kijana wa bodaboda anachaji simu tu, na mchango ni 5,000 kwa kila mlango. Umeme ukikatika usiku hakuna anayenyanyuka kununua, kila mmoja anasikilizia mlango wa jirani. Watu wawili walihama kwa sababu hiyo tu. Mwenye nyumba aliamini wamekimbia kodi.

Ugomvi ule una hesabu yake. Kwa viwango vya TANESCO, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti, na ukijumlisha VAT na tozo inafika 122. Akiwekwa kwenye tarifa ya kawaida analipa 292, ambayo kwa makato yote ni karibu 356. Vyumba sita vikitumia uniti 20 kila kimoja, mita moja inasoma 120, na wote wameangukia bei kubwa: takribani 42,700 kwa mwezi. Kila chumba kikiwa na mita yake, wote wako kwenye bei ndogo: 14,640. Tofauti ni 28,000 na ushei kila mwezi, fedha ambayo mpangaji anaitazama pale anapolinganisha chumba chako na cha jirani. Submita za dukani zitapunguza maneno koridoni, lakini mita mama bado ni moja na bei inabaki ileile kubwa.

Hapo ndipo mahali pa kiwanja panapoamua mambo. Tangu Januari 2022 kuunganishiwa umeme wa njia moja bila kuhitaji nguzo ni 320,960 mjini na 27,000 kijijini. Mita tano za nyongeza mjini ni 1,604,800, na kwa nafuu ile ya 28,000 zinarudi baada ya karibu miaka mitano. Kijijini mita hizo tano ni 135,000, zinarudi ndani ya miezi mitano. Kabla hujalipia kiwanja pembeni ya Kibondo au Kasulu, nenda TANESCO uulize eneo hilo limehesabiwa mji au kijiji. Dalali atakujibu linalomfaa yeye. Na kodi ya majengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, hukatwa kwenye LUKU lakini inatozwa nyumba. Ukiona mita zote sita zinakatwa, nenda ukarekebishiwe. Inayokatwa kwenye mita ya mpangaji ni deni lako, mpunguzie kwenye kodi ya chumba.

Ardhi ya kijiji ina bei nzuri na mtego wake. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, anayegawa ni halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Karatasi uliyoandikiana na mzee mmoja chini ya mwembe, hata ikiwa na mashahidi wanne, haitoshi.

Fremu za maduka barabarani hatukuzipigia hesabu. Lami ya kutoka Kabingo kupita Kibondo na Kasulu hadi Manyovu imewatia watu tamaa, na kila mwenye kiwanja mbele anainua fremu. Zimekuwa nyingi kuliko wafanyabiashara.

Kasulu ni suala lingine. Viwanja ni ghali zaidi, ila mji una chuo cha ualimu, kuna Kabanga na hospitali yake, na kambi ya Nyarugusu imekuwepo tangu 1996. Mwanachuo hulipa kidogo na likizo huondoka, lakini mwaka unaofuata anakuja mwingine. Kibondo nako kuna chuo cha uuguzi, walimu wanaopangiwa vituo, mahakama, halmashauri. Nilimwomba shemeji aandike majina ya watu anaowajua ambao wangebaki Kibondo hata kama Nduta ingefungwa kesho. Aliandika kumi na wanne. Wawili tu wangeweza kulipa 300,000.

Alikaa kimya, akaniuliza kama vyumba viwili vya mwisho anaweza kuviunganisha, chumba na sebule, choo ndani, kwa muuguzi mwenye familia. Anaweza. Ukuta wa katikati auache na nafasi ya mlango tangu msingi, aizibe kwa tofali za udongo.

Sasa ni Julai. Tofali anafyatua mwenyewe na kuzichoma kabla ya Septemba, kwa kuwa mvua za Oktoba zikianza tanuru halikauki tena. Saruji, bati na nondo vinatoka mbali, ataagiza kwa pamoja na wenzake wawili walipe lori moja. Shimo la choo limeshafika futi kumi na mbili.