Bangi ya Colorado Haivuki na Kivuko cha Kamanga

Kila ikitangazwa kwamba jimbo jingine la Marekani limeruhusu bangi, kwenye foleni ya kivuko Kamanga hakosekani wa kuuliza: Colorado wameweza, Mwanza tunashindwa nini? Swali ni la haki. Jibu lake halitegemei kama bangi ni nzuri au mbaya. Linategemea nani ana mamlaka ya kutunga sheria.

Marekani ni shirikisho. Kila jimbo lina bunge lake, mahakama zake na polisi wake. California iliruhusu bangi ya tiba mwaka 1996 kwa kura ya wananchi, Colorado ikaruhusu ya starehe Novemba 2012, na sasa majimbo yanayoruhusu ya starehe yamefika 24. Ila sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 haikufutwa. Mwaka 2005, katika kesi ya Gonzales dhidi ya Raich, Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali kuu inaweza kumzuia hata mgonjwa aliyepanda miche yake nyumbani kwa ruhusa ya California. Majimbo yanapumua kwa sababu serikali kuu haina uwezo wa kuwalazimisha polisi wao kutekeleza sheria yake. Kwa hiyo ndugu yako aliyeko Denver bila uraia asijidanganye: uhamiaji uko chini ya serikali kuu, na bangi aliyoinunua dukani kwa risiti inaweza kumkosesha huo uraia.

Mwanza haina bunge. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, na halmashauri, iwe ya Jiji au ya Sengerema ng'ambo ya maji, hutunga sheria ndogo za ushuru, usafi na masoko kwa mamlaka zilizopewa na sheria za mwaka 1982. Sheria ndogo ikigongana na sheria ya Bunge, inakufa. Madiwani wote wakinyoosha mikono kuiunga mkono bangi, hakuna kitakachobadilika.

Palipo karibu na mfano wa Colorado ni Zanzibar. Dawa za kulevya hazimo katika orodha ya mambo ya Muungano, ndiyo maana Baraza la Wawakilishi lina sheria yake, ya mwaka 2021. Kikatiba Zanzibar ingeweza kwenda njia yake. Haikwenda, huko pia bangi ni marufuku.

Kwetu Bara inatawala Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Na. 5 ya mwaka 2015, iliyokazwa zaidi mwaka 2017. Wengi huku ziwani hunaswa na kosa la kusafirisha, wakidhani linamhusu mwenye gari au mtumbwi tu. Sheria imelitanua: kuuza, kununua, kumpa mtu, kuhifadhi, kumiliki, kufikisha, yote ni kusafirisha. Aliyekubali gunia la rafiki lilale stoo kwake anaweza kushitakiwa kwa kosa hilo hata kama gunia halijasogea hatua moja. Adhabu ni miaka 30 jela, na mzigo ukiwa mkubwa ni kifungo cha maisha. Kiasi kidogo cha kuvuta mwenyewe kina kifungu chake chenye adhabu nafuu, lakini bado ni kosa. Mirungi nayo imo humo humo, na hapa nakiri sheria za Afrika Mashariki zinachekesha: Kenya ni zao halali la mkulima wa Meru, ukivuka nayo Sirari ni mhalifu.

Wenzetu kadhaa wa Afrika wamelegeza. Malawi ilipitisha sheria ya kilimo cha bangi ya viwanda na tiba mwaka 2020, Rwanda ikaruhusu kuilima kwa ajili ya dawa na kuiuza nje mwaka 2021. Afrika Kusini mlango ulifunguliwa na Mahakama ya Katiba, Septemba 2018, kwa matumizi ya faragha ya mtu mzima. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeanzia mkoani.

Mimi naona hoja ya bangi ya tiba inastahili kujadiliwa kwa uwazi, na mahali pake ni Dodoma. Anayeitaka amfuate mbunge wake, amwandikie, ambane. Mpaka Bunge litakaposema vinginevyo, mzigo usioufahamu usiupokee, hata anayekuomba akiwa ndugu.