Likasi: mzazi anayeomba kura ya COPA anaweza kuahidi nini?

Kongo haina kura ya kuchagua wakubwa wa shule za mji mzima. Huko Likasi, iwe Kikula, Panda ao Shituru, mzazi anapiga kura pale pale mtoto wake anaposoma, katika mkutano wa kuchagua komite ya wazazi, COPA.

Anayeomba nafasi hiyo, mumusikilize kwanza juu ya pesa. Akiahidi kupunguza minervali ya shule ya msingi ya serikali, hapo kuna shida: Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo hayo ni ya bure, na Serikali ilianza kuitekeleza 2019. Hakuna cha kupunguza. Sekondari ni mambo mengine, wazazi wangali wanalipa.

Basi aseme juu ya mwalimu asiyelipwa na Serikali. Zamani wazazi walijaza pengo hilo kwa prime, na mtoto asiyelipa alirudishwa nyumbani. Prezida wa COPA hawezi kuingiza mwalimu kwenye orodha ya mishahara. Lakini anaketi katika COGES, komite inayosimamia pesa pamoja na mkubwa wa shule. Anaweza kuomba daftari ya hesabu na kuwasomea wazazi. Anayeahidi hiyo, mumuulize: mara ngapi kwa mwaka?