Mkaa wa Mifupa na Maji ya Meru

Aghalabu mgeni afikaye Njiro na viunga vya Arusha huona meno ya kahawia vinywani mwa baadhi ya wenyeji, na sababu yake ni floridi, madini yayeyukayo majini kutoka miamba ya volkano ya Mlima Meru. Dawa ya maji hayo, ambayo wataalamu wa kituo cha Ngurdoto cha utafiti wa kuondoa floridi majini wameishughulikia miaka mingi, ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa husafishwa nyama na mafuta, huchomwa tanurini kwa nyuzi 400 hadi 500 penye hewa haba, kisha husagwa chengachenga, ikaoshwa na kutiwa katika chujio, ambamo huinasa floridi. Moto ukizidi, mifupa huwa myeupe na kupoteza nguvu. Tuwahifadhi watoto wetu mapema, kwani jino huathirika lingali likiumbika ufizini.